Bonde la Maji la Ziwa Kivu

Bonde la ziwa ni eneo lote ambalo mvua yake, iwe imetiririka juu ya ardhi au imezama chini, huishia katika ziwa hilo. Mpaka wake ni vilele vya milima: tone linaloanguka upande huu wa kilele huja ziwani, la upande wa pili huenda kwingine. Bonde la Kivu limeenea Kongo na Rwanda, na ziwa lenyewe, lenye kina kinachokaribia mita 485, liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi.

Zamani maji ya sehemu hii yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward na hatimaye mto Nile, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Yalijaa nyuma ya kizuizi hicho hadi yakapata mwanya kusini, palipo Bukavu leo, yakawa mto Ruzizi unaoshuka hadi Tanganyika. Kutoka ziwa hilo la Tanganyika hupitia mto Lukuga, kwenye mji wa Kalemie, yakaingia katika mto Kongo.

Upande wa Goma ndio wenye mambo. Mvua ni nyingi, lakini mito karibu haipo, kwa kuwa mawe ya volkano yana matundu na hunywa maji papo hapo; wakazi wanaobeba bidoni kutoka ziwani wanalijua hilo vizuri. Maji hayo yaliyozama hutokea tena kama chemchemi, nyingine chini kabisa ya ziwa, yakiwa na joto, chumvi na hewa ya kaboni. Chumvi huyafanya mazito, kwa hiyo hayapandi juu ingawa ni ya moto kuliko yaliyo juu yake. Ni mita 60 za juu tu, takriban, zinazochanganyika. Chini ya hapo kumehifadhiwa kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya kaboni na kama 60 za methani, hewa inayowaka, ambayo Rwanda inaigeuza umeme huko Kibuye.

Bukavu, kinyume chake, ina miteremko mikali na udongo laini. Mvua ikinyesha, mifereji hubeba matope na chupa za plastiki hadi ziwani, na kwa kuwa maji yote ya juu yana mlango mmoja tu wa kutokea, taka hizo hukusanyika kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, zikaziba mitambo inayoupa mji huohuo umeme.