Dawa ya maji hailipaki koo

Koo likiuma, watu wazima wengi huchukua chupa ya parasetamoli ya mtoto, dawa ya maumivu na homa, wakiamini inalipaka koo inapopita. Sivyo. Parasetamoli, ya maji au ya kidonge, hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, kisha damu ndiyo huisambaza mwilini. Ya maji huwahi kidogo, na humezeka kirahisi koo likivimba. Basi.

Soma chupa: mara nyingi ni miligramu 120 kwa mililita 5. Kidonge kina 500. Kukifikia utakunywa vijiko vinne vya chai na ushee, tena vitamu kupindukia! Ukishameza vidonge, usiongeze ya maji “kwa ajili ya koo”: ni dawa ileile, na ikizidi gramu 4 kwa siku huumiza ini.