Kiharusi: seli zinazoweza kuuponya ubongo au kuuharibu

Seli saidizi za ubongo ni zipi?
Huitwa glia. Zinazihudumia seli za neva. Astrosaiti, zenye umbo la nyota, hukumbatia mishipa midogo ya damu, huzilisha neva na kufyonza glutameti, kemikali ya kupashana habari, kila inapomwagika. Maikroglia ni walinzi, na pia wazoa taka.

Mshipa ukiziba, zinafanya nini?
Kiini cha eneo lililokosa damu hufa ndani ya dakika chache. Pembeni yake hubaki ukanda unaopata damu kidogo, ambako neva zimenyamaza lakini hazijafa. Huo ndio unaogombewa. Astrosaiti ikiishiwa nguvu hushindwa kufyonza glutameti. Glutameti ikijaa, kalisiamu hufurika ndani ya neva na kuziua. Astrosaiti yenyewe hunywa maji na kuvimba. Fuvu halitanuki, kwa hiyo uvimbe huo, ambao huwa mkubwa zaidi kati ya siku ya 2 na ya 5, unaweza kumuua mgonjwa aliyeanza kuongea vizuri.

Si seli hizo zizimwe tu kwa dawa?
Hapana. Panya walioondolewa maikroglia kabla ya kiharusi waliumia ubongo zaidi, si kidogo. Hata kovu la astrosaiti, linalolaumiwa kwa kuzuia neva kuota upya, huzingira kidonda kisisambae. Lengo la watafiti ni kuzibadili tabia, tena kwa wakati wake.

Dawa ya kuzibadili tabia ipo hospitalini?
Bado. Dawa nyingi za kukinga ubongo ziliwafaa panya zikashindwa kwa binadamu. Mojawapo, NXY-059, iliangukia kwenye jaribio la wagonjwa liitwalo SAINT II, matokeo yakachapishwa 2007. Panya wa maabara mara nyingi ni kijana mzima wa afya, na saa ya kiharusi chake inajulikana. Mgonjwa wetu ana umri, presha, pengine na kisukari, na amechelewa kufika.

Kwa sasa kinachookoa ukanda ule wa pembeni ni nini?
Kurudisha damu. Alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hutolewa ndani ya saa 4.5, baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu: miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, zisizidi 90, asilimia 10 kwa mkupuo na zilizobaki kwa dakika 60. Saa huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala salama saa 4 usiku akaamka amepooza saa 12 asubuhi huhesabiwa kuwa zimepita saa 8, ndiyo maana huhitaji vipimo vya ziada. Nyumbani asipewe aspirini: huenda mshipa umepasuka, na koo lililolegea hupitisha kidonge kwenye njia ya hewa.