Kwa nini handaki kwenye mwamba laini hujibana lenyewe?

Handaki huweza kuchimbwa likawa na upana kamili, na wiki chache baadaye vipimo vikaonyesha kuta zimesogea ndani kwa makumi ya sentimita. Hakuna kilichoporomoka. Mwamba umejibana tu, polepole, hata ukapinda matao ya chuma yaliyowekwa kuuzuia.

Kila mita moja ya mwamba ulio juu huongeza mgandamizo wa takriban megapaskali 0.027, kwa hiyo kina cha mita 500 kina kama 13.5. Ukitoboa tundu la duara, mzigo uliobebwa na mwamba ulioondolewa huhamia pembeni. Ikiwa mgandamizo ulikuwa sawa pande zote, ukingoni mwa tundu huongezeka mara mbili: 27. Mwamba laini, kama ule wa udongo ulioganda, kwa kawaida huvunjika kabla ya 25.

Tena ukuta umepoteza kilichoushikilia. Maabara huligandamiza pande la mwamba lenye umbo la silinda kutoka juu, huku mafuta yenye shinikizo yakilibana ubavuni. Shinikizo la ubavuni likizidi, mwamba hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kanuni ya wahandisi wa miamba Hoek na Brown ya 1980 hukokotoa ni mkubwa kwa kiasi gani. Ukuta unaotazama hewa hauna msaada huo.

Ila kujua mwamba utavunjika lini hakutoshi, maana huanza kuchakaa mapema kwa nyufa ndogo zisizoonekana. Uchakavu huo hupewa namba: 0 ni mwamba mzima, 1 ni uliokwisha kabisa. Ili kuipata, mzigo hupunguzwa kisha hurudishwa, na ugumu hupimwa upya. Ukibaki asilimia 70, uharibifu ni 0.3. Kompyuta huugawa mwamba katika vipande vingi, kila kimoja na namba yake. Kinacholegea humtwika jirani mzigo, na pete ya mwamba uliochoka hutanuka hadi ifike ulipo mwamba ambao bado umebanwa vya kutosha. Hesabu inayouchukulia mwamba kuwa mzima hadi siku ya kuvunjika, kwa maoni yangu, ni ya kujifariji.

Kushindana na pete hiyo kwa zege gumu mapema mno ni kulipasua zege. Katika handaki la Gotthard huko Uswisi, lenye kilomita 57 na lililofunguliwa 2016, sehemu ya Sedrun ilichimbwa pana kupita kipimo, ikawekewa matao ya chuma yanayoteleza, na mwamba ukaachiwa nafasi ya kusogea hadi sentimita 70.