Msimnyang'anye vizibo: kuishi na usonji na kuziona nguvu za mtoto wako

Mama mmoja alitoka Tukuyu na basi la alfajiri, akaingia chumba changu cha kazi hospitalini saa tatu na nusu akiwa amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa miaka sita. Miguu ya mtoto ilikuwa mizima. Alibebwa kwa sababu pale stendi honi zilimzidi, akajilaza chini, akaziba masikio kwa viganja, na watu wakaanza kujazana kumtazama. Mkononi alishikilia kopo la mafuta ya kupaka lililojaa vizibo vya soda. Mama hajakaa vizuri, mwenzetu keshavimwaga sakafuni anavipanga: vyekundu mstari wao, vya machungwa wao, vya kijani wao, na vyenye kutu pembeni kabisa.

Mama akauliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki: "Dokta, mwanangu atapona lini?"

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo katika kitengo cha utengamao. Kazi yetu ni kumsaidia mtu amudu mambo yake ya kila siku, yaani kula, kuvaa, kucheza, kusoma na kufanya kazi. Siku ile nilikuwa bado mgeni kazini, na nilimkosea yule mama. Nilimwambia alifiche lile kopo. Niliamini kwamba mtoto akikosa vizibo atalazimika kutugeukia sisi, atacheza na wenzake, ataongea. Baada ya wiki tatu walirudi. Mtoto alikuwa halali usiku, na kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama za meno yake mwenyewe. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu pekee kilichompa utulivu katika dunia yenye kelele, halafu nikaita hiyo ni tiba. (Habari hizi nimezibadilisha hapa na pale ili familia isitambulike.)

Tangu hapo mzazi akija na swali la kupona, nami namuuliza langu: mtoto wako anapenda nini, na ni kitu gani kinamtesa?

Usonji hauambukizi, na si wazimu. Ni namna ya ubongo kukua tofauti, na tofauti hiyo huanza mapema sana, kabla ya mtoto kuzaliwa. Huonekana katika mawasiliano na katika kuhusiana na watu, katika kupenda mambo yaleyale yaende vilevile, na katika namna mwili unavyopokea sauti, mwanga, ladha na mguso. Wapo wasiosema neno maisha yao yote, na wapo wanaosema kama redio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Jumapili kanisani mkiwa watu mia tano, huenda watatu au wanne wanao, na pengine hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuambiwa.

Mama wa Tukuyu alikuwa ameshaambiwa mengi. Kwamba alivunja mwiko akiwa na mimba. Kwamba kuna mtu wa ukoo aliyechukua akili ya mtoto ili biashara yake inawiri. Baba wa mtoto alihamia Tunduma, na mashemeji wakampa mama mzigo wote. Nataka kina mama walijue hili: hata madaktari wa nchi za Magharibi waliwahi kuwatendea wanawake wao vivyo hivyo. Leo Kanner, daktari wa Baltimore nchini Marekani, alieleza usonji mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye ilisemwa kwamba chanzo ni mama mwenye moyo baridi asiyempenda mtoto. Mwaka 1977 utafiti wa mapacha ulionyesha kwamba urithi wa kibaiolojia una sehemu kubwa, na hoja ile ikaporomoka. Wanawake wengi walikuwa wameshalia bure. Sitaki nasi tuendelee kuwaliza wetu.

Lawama nyingine ni ya chanjo, na hapa naomba tutulie kidogo. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alichapisha makala kuhusu watoto kumi na wawili tu, akidokeza kwamba chanjo ya surua ina uhusiano na usonji. Jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapa, liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Nchini Denmark walifuatiliwa watoto zaidi ya 650,000, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba waliochanjwa wanapata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Kwa nini basi mzazi anakuwa na hakika? Kwa sababu hapa kwetu dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na umri huohuo ndio dalili za usonji huanza kuonekana wazi. Mambo mawili yamekutana njiani, basi moja likasingiziwa kuzaa jingine.

Siku hiyohiyo ya miezi 18 itumieni vizuri. Mkiwa na kadi ya kliniki mkononi, mwambie muuguzi kama mtoto hageuki akiitwa jina lake, kama hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, kama hajasema neno hata moja, au kama alikuwa na maneno machache kisha yakapotea. Hili la maneno kupotea lipelekwe haraka, umri wowote. Omba masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa. Na usikubali kuambiwa "wavulana huchelewa, subiri" mpaka mwaka upite.

Nirudi kwenye kinachomtesa mtoto, kwa kuwa huku kwetu kina sura yake. Nyanda za Juu Kusini ni baridi, na shule zetu zinataka sweta. Kwa mtoto mwenye usonji, sweta ya sufu inaweza kuwa kama kuvaa upupu. Niliwahi kuletewa binti wa darasa la pili, wa huku Mbeya, aliyekuwa akichapwa kila Jumatatu kwa kuvua sweta paredi. Hakuwa mkaidi. Tulimwomba mama amvalishe ndani fulana ya pamba ya mikono mirefu, akate na kile kilebo cha shingoni ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria, na vita ya sweta ikaisha palepale. Fimbo ilikuwa imeshatembea muhula mzima.

Fikiria pia bati. Mvua ya Rungwe ikishuka juu ya darasa lisilo na dari, mwalimu mwenyewe hasikiki. Mtoto ambaye sauti humwingia mara mbili yetu anaweza kupiga kelele au kutoroka. Fikiria Mwanjelwa siku ya soko: spika za matangazo, bajaji, harufu ya dagaa, mabega yanayokugonga. Mtoto akijitupa chini pale, watu husema amedekezwa. Anayedeka hukutazama kuona kama umelegea. Huyu hakutazami, amezidiwa. Punguza maneno, usimshike kwa nguvu, msogeze pembeni penye utulivu, ngoja. Nawe mpita njia, msaada wako mkubwa ni kuendelea na safari yako na kuwaambia wengine waendelee.

Sasa kinachopendwa. Wafugaji wa huku watanielewa nikimtaja Profesa Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichelewa kuongea hadi alipokaribia miaka minne, na ilishauriwa apelekwe kuishi kwenye taasisi. Mama yake akakataa. Alikuja kuwa bingwa wa mifugo na kufundisha Chuo Kikuu cha Colorado State. Ng'ombe walipokataa kupita kwenye kipito, wengine waliwapiga. Yeye aliingia humo mwenyewe akatazama wanachokitazama wao: mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio, kivuli chini. Kitu kiliondolewa, ng'ombe wakapita. Anaeleza kwamba hufikiri kwa picha, na jicho lile la kunasa vitu vidogo lilitokana na usonji wake. Yeyote aliyewahi kuswaga ng'ombe kuelekea joshoni anajua thamani ya jicho kama hilo.

Lakini nisiwadanganye. Si kila mwenye usonji ana kipaji cha kushangaza watu, na wengine watahitaji kusaidiwa kuoga na kula mpaka uzeeni. Hao nao ni watu kamili, na hawadaiwi maajabu ndipo wapendwe. Ninaposema nguvu, nasema jambo ambalo mtoto tayari analifanya kwa furaha na kwa umakini, hata likiwa dogo.

Kwa yule mwenye vizibo, kopo lilirudi. Tulianza kuhesabu navyo. Kisha tukabandika picha kwenye vipande vya boksi, maji, chakula, choo, "nimechoka", akawa anatoa kizibo kimoja na kuonyesha picha anapotaka kitu. Wazazi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto mvivu wa kusema. Tafiti hazionyeshi hivyo, na watoto wengine hupata maneno wakiwa njiani humo. Neno lake la kwanza lilikuja akiwa na miaka minane, na lilikuwa la Kinyakyusa, alilolipata kwa bibi yake. Walikuwa wameshashauriwa mahali fulani waache kilugha, waongee Kiswahili tu ili wasimchanganye. Lugha mbili hazimwongezei mtoto mwenye usonji ucheleweshaji. Zinamwongezea bibi.

Kisha mama akampa maharage achambue. Alikaa na ungo saa nzima bila kuinua kichwa: mawe huku, yaliyotobolewa kule, ya njano yamejitenga na yaliyochanganyika, punje kwa punje. Leo ni kijana, anaongea sentensi fupi, na majirani humletea debe la maharage ya mbegu kabla ya msimu wa kupanda. Analipwa kwa debe. Hapendi kuharakishwa, na hapendi mtu aongee akiwa kwenye ungo, nao wameshajua, wanaacha debe mlangoni.

Tuwakumbuke na watu wazima. Mwalimu mmoja wa sekondari alinijia akimleta mwanawe, na nilipokuwa katikati ya maswali akanyamaza, akasema, "Hayo yote unayoyauliza, ni mimi." Miaka yote alikuwa akijifunza nyuso za watu kama mtu anayekariri shairi, akirudi nyumbani amechoka hoi, akiitwa mwenye maringo. Wasichana na wanawake hasa hujificha hivi, ndiyo maana wengi hatuwatambui. Alimweleza mkuu wake wa shule. Sasa hasimamii tena mkusanyiko wa asubuhi wenye filimbi na makelele. Anapanga ratiba ya masomo na ya mitihani, na ratiba zake hazigongani. Aliniambia kilichomgusa si kubadilishiwa kazi. Ni kwamba kwa mara ya kwanza alielewa hakuwa mbaya.

Kukubali namna hiyo kuna msingi wa kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Mtoto mwenye usonji ana haki ya shule kama mwingine. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kaulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na atakayesema mahali pa kazi hapabadiliki kwa ajili ya mtu, aende Iringa mjini akaione Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Mgahawa wake umeajiri wahudumu viziwi, na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi. Hakuna aliyesubiri wahudumu wasikie kwanza ndipo chai iletwe.

Ukiamua kumleta mwanao kwetu, au kwenye kitengo cha utengamao cha hospitali iliyo karibu nawe, siku hiyo usimvalishe nguo mpya wala viatu vipya, mvalishe alivyovizoea. Beba chakula anachokubali, hata kama ni wali mweupe mtupu. Mwonyeshe jana yake picha ya jengo kwenye simu, mwambie tutapanda basi, tutakaa, tutarudi. Fika mapema kabla foleni haijawa ndefu, na umwambie wa mapokezi kwamba mtoto hawezi kukaa kwenye kelele, muulize kama mnaweza kungojea nje. Na kile kitu chake, kiwe kizibo, kamba au kipande cha bomba, njoo nacho. Kuna nafasi ya kutosha sakafuni.