Mungu tunamtambua tukigeuka nyuma

Bwana Yesu asifiwe. Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine, wodini na hata nje ya kanisa baada ya ibada, ni hili: "Mchungaji, wenzangu wanasema Mungu ameongea nao. Mbona mimi sisikii kitu?" Anayeuliza huwa ni mtu wa kanisani kabisa: mwanakwaya, mama asiyekosa ibada ya jumuiya. Anauliza kwa sauti ya chini, maana anadhani imani yake ina kasoro.

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri hapa Moshi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ni kukaa na wagonjwa na wanaowauguza. Jibu langu kwa watu hawa ni moja. Mungu akiwa nasi, mara nyingi hatumtambui saa ile ile. Tunamtambua baadaye, tukigeuka nyuma. Ndivyo hata Biblia inavyosimulia.

Yakobo, akimkimbia Esau, analala njiani na jiwe chini ya kichwa. Anapoamka ndipo anasema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua" (Mwanzo 28:16). Musa anaomba kuuona utukufu wa Mungu, naye anaambiwa ataona nyuma tu, uso hautaonekana (Kutoka 33). Na wale wawili wa Emau, katika Luka 24, wanatembea na Yesu mwenyewe, wanaongea naye njia nzima, na hawamtambui mpaka anapoumega mkate mezani. Wakimtambua tu, anatoweka. Ndipo wanaulizana kama mioyo yao haikuwaka alipokuwa akisema nao njiani. Kumbe moyo ulikuwa unawaka tangu barabarani! Yesu aliwakemea kwa uzito wao wa kuwaamini manabii, lakini hakuwaacha. Aliingia kukaa nao. Kisa hiki nimekisoma kando ya vitanda vingi, na bado kinanigusa kila mara.

Kwa hiyo ninawapa watu zoezi la jioni. Ndugu zetu Wakatoliki, hasa watawa Wajesuiti, wanalo tangu siku za mwanzilishi wao, Ignasi wa Loyola, katika karne ya 16: kuipitia siku kwa sala, tangu kuamka hadi kulala. Sisi Walutheri nasi tunalo, tena tumelizoea mpaka hatulioni. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, Martin Luther aliweka sala ya jioni ya kushukuru kwa ulinzi wa siku na kuomba msamaha wa makosa ya siku. Kisha anaagiza mtu alale mara moja, kwa moyo mchangamfu. Agizo hilo nalipenda sana, kwa sababu wapo waumini wanaojihukumu hadi usiku wa manane na kuuita huo uchaji.

Weka simu pembeni. Anza na ulipoamka, uende polepole. Nani alikusalimia? Wapi moyo ulilainika, na wapi ulikuwa mgumu? Usitafute muujiza, taja tu yaliyotokea, moja baada ya jingine.

Mama mmoja wa upande wa Kibosho, ambaye ameniruhusu kusimulia haya, alikuwa akimuuguza mwanawe. Nilipomwomba aipitie siku yake alisema hakuna kitu, ni shida tupu. Tukaenda pole pole. Akakumbuka kwamba zamu yake ya maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, ilikuwa alfajiri ile, kiangazi, naye yuko hospitalini. Jirani yake, mtu waliyegombana naye juu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, alikuwa ameamka gizani na jembe, akayafungua maji yakaingia kwenye migomba yake, halafu akampigia simu: "Mama, maji yameshafika kwako." Alinieleza hayo kama habari za shambani tu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, yule bwana tulikuwa hatusemeshani."

Luther anapoeleza ombi la "Utupe leo riziki yetu", anataja chakula, mavazi, shamba, mifugo, serikali njema, hali njema ya hewa, na pamoja na hayo majirani waaminifu. Jirani yumo ndani ya riziki. Ninaamini kabisa kwamba alfajiri ile Mungu alikuwa pale kwenye mfongo, na kwamba alikuwa na kazi ndani ya moyo wa yule jirani pia, hata kama sisi tuliona maji tu.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito. Yapo mahubiri yanayofundisha kwamba biashara ikinyooka Mungu yupo, ukiugua au ukifilisika ameondoka. Nimewaona wagonjwa wakibeba mzigo huo juu ya ugonjwa wenyewe, na inaniuma. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Ujerumani, Luther alishikilia kwamba Mungu anatambuliwa katika mateso na msalaba. Anayemtafuta kwenye mafanikio peke yake, Ijumaa Kuu angepita Golgotha bila kusimama.

Wengine nao husoma ishara katika kila kitu: ndoto, ndege aliyelia usiku, basi lililochelewa. Kipimo kipo katika Wagalatia 5. Jambo likikuzalia upendo, amani na uvumilivu, lishike. Likikuzalia hofu na kumshuku shangazi yako, liache.

Na zipo jioni utaipitia siku nzima usione kitu. Usibuni. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani, bila mstari mmoja wa faraja, na bado ni sala ndani ya Biblia yetu. Isome kwa sauti, ulale. Giza likikaa wiki nyingi, usingizi hauji na chakula hakipiti, mwambie mchungaji wako au mzee wa kanisa, na umwone daktari pia. Nimewasindikiza waumini hadi kliniki ya afya ya akili, na tuliomba pamoja pale pale kwenye benchi tukisubiri kuitwa. Zoezi la jioni nalo si lazima ulifanye peke yako. Mwombe mtu aliyeshinda nawe siku hiyo aipitie pamoja nawe, maana mara nyingi yeye anakumbuka lile ulilolipita bila kuliona.