Maji ya kisima karibu na mgodi wa urani uliofungwa: maswali na majibu

Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi katika mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo, ulitoa sehemu kubwa ya urani ambayo Marekani iliitumia katika mpango wake wa bomu la atomiki. Ulifungwa mwaka 1960 na mashimo yake yakazibwa kwa zege, lakini baadaye wachimbaji wadogo waliurudia wakitafuta kobalti, hadi Julai 2004, miezi michache baada ya serikali kupiga marufuku uchimbaji huo, sehemu yake ilipoporomoka na kuua watu 8. Maswali haya yanahusu hatari nyingine ya migodi ya aina hiyo, ile ya maji.

Mgodi umefungwa. Kwa nini maji yaendelee kuchafuka?

Mgodi unapofanya kazi, pampu huyavuta maji ili watu wachimbe pakavu. Pampu zikizimwa, maji hupanda tena na kuosha miamba ambayo kwa miaka mingi imepigwa na hewa. Mwamba wenye salfa ukipata hewa na maji hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha urani, aseniki na metali nyingine, ambazo husafiri polepole chini ya ardhi kuelekea visimani. Juu hubaki magwangala, yaani mawe yaliyotupwa baada ya kuchimbwa, na palipokuwa na kiwanda hubaki pia tope sumu, ambalo huwa na takriban asilimia 85 ya mionzi ya mbale (mawe yenye madini), kwa kuwa kiwanda huchukua urani na kuacha radiamu, metali nyingine yenye mionzi. (Shinkolobwe ilianza kinyume chake: radiamu ndiyo iliyotafutwa, na urani ikahesabiwa kuwa taka.) Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Urani iliyomo katika maji hudhuru nini?

Wengi hutaja saratani kwanza, lakini kwa mnywaji wa maji kiungo cha kuhofiwa zaidi ni figo. Sehemu kubwa ya urani iliyomezwa hutoka na choo. Kiasi kidogo kinachoingia kwenye damu huchujwa na figo, na huko huumiza vijirija vyake kama metali nyingine nzito zinavyofanya. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 30 kwa lita. Saratani ya mapafu hutokana zaidi na radoni, gesi yenye mionzi inayotolewa na radiamu, hasa ndani ya nyumba isiyopitisha hewa iliyojengwa kwa mawe ya mgodini.

Nikiyachemsha?

Kuchemsha huua vijidudu tu. Sufuria ya lita 5 ikichemka hadi zikabaki lita 4, urani yote imo katika hizo lita 4, kwa hiyo maji yamezidi kuwa mabaya. Dawa ya klorini nayo haiiondoi, wala kitambaa cha kuchujia. Maji hayo hayabadiliki rangi wala ladha, hivyo ni maabara pekee inayoweza kuyatambua. Kabla ya majibu kupatikana, ni afadhali kunywa maji ya chanzo kilicho upande wa juu wa mgodi, mbali na vumbi lake. Kuoga na kufua si hatari kubwa, kwani urani hupenya ngozi kwa shida.

Mgodi wa namna hii hudhibitiwaje?

Königstein, nchini Ujerumani, asidi ya salfa ilimiminwa ndani ya mwamba ili kuyeyusha urani humo humo ardhini. Uzalishaji ulikoma 1990. Tangu 2001 maji yameachwa yapande kwa hatua huku yakivutwa na kusafishwa, kazi ambayo ni ghali na ya miongo. Pasipo na fedha hizo, hatua za kwanza ni kufunika marundo kwa udongo wa mfinyanzi, kuchimba mifereji ya kukinga mvua isiyapitie, na kuweka visima vya upimaji kati ya marundo na kijiji. Kisima kimoja cha upimaji kilichowekwa mahali sahihi, kwa maoni yetu, kina faida kuliko mabango kumi ya hatari.

Nimweleze nini daktari?

Mtajie kisima unachotumia, umekitumia miaka mingapi, na kama nyumbani kuna mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Kipimo cha protini kwenye mkojo huonyesha hali ya figo. Kipimo cha urani kwenye mkojo huonyesha zaidi ulichokunywa siku za karibuni, kwa hiyo usibadili maji wiki moja kabla ukadhani majibu mazuri yanahusu miaka yote iliyopita.