Nyota inapofifia kwa asilimia 1: jinsi sayari kubwa za mbali zinavyogunduliwa

Sayari inapopita mbele ya nyota yake, yenyewe haionekani. Kinachopimwa ni mwanga wa nyota, unaopungua kidogo kwa saa mbili tatu kisha kurudi ulivyokuwa. Kipenyo cha Mshtarii ni kama moja ya kumi ya kipenyo cha Jua, hivyo eneo linalozibwa ni moja ya mia: asilimia 1. Dunia ingeziba chini ya asilimia 0.01, kiasi ambacho hewa yetu hukifunika kabisa. Ndiyo maana kamera za ardhini zilianza na sayari kubwa. Ya kwanza kuonekana ikipita hivyo, mwaka 1999, ni ile ya nyota HD 209458, ambayo hufifia kwa takriban asilimia 1.5 kila baada ya siku 3.5.

Sayari nyingi hazipiti mbele kabisa kwa jinsi tunavyozitazama. Kwa sayari iliyo karibu sana na nyota yake, mara ishirini kuliko Dunia ilivyo karibu na Jua, uwezekano ni kama 1 kwa 10. Kwa iliyo mbali kama Mshtarii ni kama 1 kwa 1,000. Basi hakuna njia ila kutazama nyota nyingi mno kwa pamoja. Mradi wa WASP, wa kusaka sayari za namna hii, ulifanya hivyo kutoka La Palma, kisiwa cha Hispania, na, tangu 2006, kutoka Sutherland, kwenye nyanda kavu za Karoo, Afrika Kusini. Kila kituo kilikuwa na kamera nane zenye lenzi za kawaida za kupigia picha, za milimita 200. Kifaa hicho hakikuwa cha ajabu. Kazi ngumu ilikuwa kuchuja data.

Hewa ndiyo msumbufu wa kwanza. Nyota ikishuka kuelekea upeo, mwanga wake hupita kwenye hewa nene zaidi na kufifia, kwa hiyo hulinganishwa na majirani zake katika picha ileile. Hata hivyo makosa ya namna hii hujirudia usiku kwa usiku, na mzunguko unaotoka siku 1 kamili hutiliwa shaka mara moja.

Kuna udanganyifu mbaya zaidi: nyota mbili zinazozibana zenyewe kwa zenyewe. Kwenye picha za WASP, pikseli moja ilichukua eneo pana la anga, hata nyota kadhaa zikachanganyika. Jozi hafifu inayopoteza nusu ya mwanga wake, ikiwa nyuma ya nyota angavu, huonekana kama asilimia 1 tu. Dalili zake ni grafu ya mwanga yenye umbo la V badala ya kitako bapa, au mififio inayopishana, mmoja mkubwa, mwingine mdogo.

Grafu ikiwa safi, bado si ushahidi, kwa sababu nyota ndogo kabisa, zenye masi mara 80 hivi ya Mshtarii, zina kipenyo kinachokaribia cha Mshtarii. Kwa maoni yetu hatua ya kupima masi ndiyo ugunduzi wenyewe. Nyota zilizoteuliwa kutoka Sutherland zilipimwa kwa spektrografu (chombo cha kuchanganua rangi za mwanga) ya CORALIE huko La Silla, Chile, inayoonyesha nyota ikivutwa huku na huku na kile kinachoizunguka. HD 209458 huyumba kwa mita 85 hivi kwa sekunde. Nyota mwenza ingeiyumbisha kwa kilomita nyingi. Kamera za Sutherland zilitoa WASP-18b, yenye masi mara 10 hivi ya Mshtarii na mwaka usiotimiza saa 23, na pia WASP-17b, yenye nusu tu ya masi ya Mshtarii lakini kipenyo kinachokaribia mara mbili yake. Mwanga peke yake usingezitofautisha.

Mwenye darubini ya sentimita 20 na kamera ya kidijitali anaweza kujaribu nyota HD 189733, iliyo juu upande wa kaskazini kwetu jioni za Agosti na Septemba. Hufifia kwa takriban asilimia 2.4, kwa muda usiofika saa 2. Anza kupiga saa nzima kabla na uendelee saa nzima baada, maana bila vipande hivyo huna kiwango cha kulinganishia. Legeza fokasi kidogo ili mwanga usambae na pikseli zisijae, na usibadili fokasi katikati.